Maziwa Yaliyonuka Sabuni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Muse Shirwa. Mlezi wetu, Mwalimu Fosia. Wazazi na wateja wetu: Assalamu aleykum warahmatullahi.

KARIBU TENA

Tunakukaribisha klabuni kwetu, hapa Garissa, kwa mara ya pili. Risala hii inasomwa na katibu wetu, Kowsar, lakini sehemu kubwa inamhusu Ebla Salah, mwenye miaka kumi na miwili, yule aliyekaa mwisho wa mstari bila fulana ya kijani. Sisi tulitaka kukuandikia sifa tu. Ebla alikataa, na tumechoka kubishana naye.

TULIKOTOKA

Klabu ilianzishwa na Mwalimu Fosia miaka mitatu iliyopita, ili watoto wajifunze biashara ya haki huku wakichangisha pesa za tangi la maji la shule. Tunauza maziwa ya ngamia. Masharti yetu ni mawili: dumu lifukizwe kwa moshi wa kuni kabla ya kutiwa maziwa, yasichache upesi, na mnunuzi aonje kwenye kifuniko ndipo alipe. Ebla alipewa kazi ya kufukiza kwa sababu mama yake, Arbia, huuza maziwa sokoni, na mtoto amekulia kwenye moshi huo huo.

TULIYOFANIKIWA

Tangi limenunuliwa na watoto wanakunywa. Osob, ambaye zamani alikuwa haongei kabisa, sasa anabishana bei na watu wazima hadi wanakoma. Ebla naye aliwahi kumwaga maziwa ya asubuhi nzima kwa sababu moshi haukukolea. Tulimnunia wiki nzima. Kumbe wateja walisikia, wakaanza kuuliza, "Yule msichana wa moshi iko wapi?" Alifurahi siku hiyo, ingawa alijikaza asicheke.

YANAYOTUKERA

Mgeni rasmi, hapa ndipo roho inapotuchoma.

Mwaka jana tuliposikia unakuja, sisi viongozi wa klabu tuliona haya, maana moshi huacha weusi kwenye madumu. Tukayasugua kwa sabuni ya manukato hadi yakang'aa, wala hatukuyafukiza. Ebla alikuwa madrasa. Aliporudi, maziwa yalishatiwa, na wewe ulikuwa unashuka garini. Alionja kwenye kifuniko, akatema. Ilikuwa sabuni tupu.

Alikukimbilia na kifuniko mkononi, kamera zikimtazama, akakuita ami kwa Kisomali. "Adeer, hii usinunue. Onja kwanza, wallahi imeharibika. Kesho naleta ingine mzuri."

Ulimpapasa kichwa kama dada yako mdogo, ukacheka. "Abaayo, mimi nimekuja kusaidia watoto, sikuja kuonja. Lita ngapi iko? Weka yote kwa gari."

Zilikuwa lita arobaini. Ulilipa mara mbili ya bei, watu wakapiga makofi, na sisi tukapiga kuliko wote. Fulana hizi za kijani tulizovaa ndizo pesa zile.

Tangu siku hiyo mambo yameenda mrama. Watoto wadogo wanakwepa kufukiza. Wanasema mheshimiwa atanunua tu, hata yakinuka. Wajomba zetu nao ndio usiseme. Wanatuwekea noti mkononi na kutuambia tukae na maziwa yetu. Mwalimu Fosia anahubiri hadi koo linamkauka. Jamani, mtoto atajifunza nini kwa namna hiyo?

Na Ebla ameacha kuuza. Mwaka mzima, kila likipita gari kubwa, anatuuliza swali lile lile: yale maziwa alikunywa nani? Kuna mzee aliumwa tumbo? Kuna mtoto? Mama yake anasema hata chakula anakula kwa kulazimishwa. Hatukuwahi kukuuliza, kwa sababu fulana zilikuwa zimetupendeza.

MAOMBI

Tulikuwa na orodha ndefu, ya viti, hema na friji. Tumeifuta.

Leo usinunue yote. Nunua kikombe kimoja kwa bei ya watu wote, na maziwa yakiwa mabaya, sema ni mabaya, hata mbele ya kamera.

Kisha umjibu Ebla. Kama yalimwagwa njiani, mwambie. Kama kuna watu walikunywa, mtajie ni akina nani. Anataka kwenda kuwaomba radhi mwenyewe, hata wakiwa Liboi, kule mpakani. Sisi tutafuatana naye, maana sabuni ilikuwa yetu, si yake.

Fulana yake hii hapa mezani, haijakunjuliwa. Asubuhi ya leo amekubali kufukiza madumu, kwa ajili yako tu, na sasa anakuja na kifuniko. Tafadhali, Adeer, usimpapase kichwa. Onja.

Mwenyezi Mungu akujaalie tumbo lenye afya na ulimi wa kweli, na akufikishe nyumbani salama. Ni sisi, Klabu ya Watoto ya Biashara Halali, Garissa.