Miji Juu ya Vilima: Maisha ya Mwalimu Basil Chilumba, 1911–1958

Padre ameniomba niusome wasifu huu kwa ufupi. Nimemwitikia kwa heshima, lakini nitausoma wote, kwa sababu marehemu mwenyewe aliniagiza nisiruke neno. Mimi ni Nikolao, mpwa wake, mtoto wa dada yake Emilia.

Mwalimu Basil Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1911 ukingoni mwa uwanda wa Newala, mahali ambapo ukisimama nyuma ya nyumba unaliona bonde lote la Ruvuma. Maji ya kunywa yako huko chini. Kila siku mama yake alishuka mteremko alfajiri na kupanda jua likiwa kali, mtungi kichwani. Kwa Basil, dunia ilikuwa hivyo: watu wanakaa juu, maji yanakaa chini. Nawaomba mlishike jambo hilo, nitalirudia.

Alisoma shule ya misheni Masasi, akapata cheti cha ualimu mwaka 1932, akapangiwa hapa Lulindi. Alifundisha hesabu na Maandiko kwa sababu aliambiwa, na jiografia kwa sababu aliipenda. Mwaka 1936 alifunga ndoa na Ethel, mfinyanzi wa vyungu ambaye wengi wenu mnapikia kazi ya mikono yake. Mungu aliwapa Cyril na Mabel.

Mwaka 1953 padre mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kitabu cha jiografia ya Amerika. Marehemu alikwama kwenye sura moja, ya jimbo la pwani liitwalo Karolina ya Kaskazini. Mbele kabisa baharini kuna visiwa vyembamba vya mchanga, nyuma yake maji yaliyotulia, kisha nchi tambarare yenye vinamasi. Halafu ardhi inapanda, vinakuja vilima vya udongo mwekundu, na mwisho milima mirefu upande wa machweo. "Ni kama mtu atoke Mtwara aje Newala," alituambia, "isipokuwa wenzetu wameendelea kupanda." Alifurahi kama amepata ndugu aliyepotea.

Aliifinyanga Karolina nzima kwa udongo wa Ethel, juu ya mlango wa zamani wa stoo. Ilimchukua miezi mitano. Mchoro wa kitabuni haukuonyesha miji, basi miji akaiweka mwenyewe, kwa punje za mahindi, yote juu ya vilima. Toka kila mji akalaza uzi mwekundu kushuka mpaka mtoni. Ethel akauliza, "Baba Cyril, nyuzi hizi za nini?" Akajibu, "Njia za akina mama kwenda kuteka maji." Ethel akamwambia, "Umewaonea hao mama wa Amerika." Wiki ileile marehemu akafika ukurasa wa mbele zaidi, akasoma kwamba huko miji mingi ilijengwa bondeni, pale mito inapoporomoka kutoka vilimani kwenda tambarare, ili maji yazungushe viwanda vya nguo. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema atazihamisha punje kesho.

Kesho yake aliamka na homa kali. Hiyo ilikuwa Juni 1954, na zilibaki siku tatu kufika maonyesho ya walimu Newala, alikokusudia kuishindanisha ramani yake. Aliyeshinda angepelekwa Uingereza mwaka mzima kusomea jiografia. Mwalimu mwenzake, Silvano, akajitolea kuipeleka ramani kwa lori. Aliipeleka. Juu yake akaandika jina la Silvano.

Silvano alikwenda Uingereza. Marehemu alibaki Lulindi, na jiografia akanyang'anywa, akapewa mwenye cheti kipya. Cheti hicho mnajua ni cha nani. Aliporudi, Silvano alikuja nyumbani kwa marehemu amevaa sweta. "Shikamoo, Mama Cyril. Ile ramani si tuliitengeneza pamoja?" Ethel akamjibu, "Marahaba. Nionyeshe kidole kilichoshika udongo wangu." Akaondoka bila kunywa chai.

Mimi nilitaka kumfuata. Nasema wazi, nilitaka kumfuata na fimbo. Marehemu alinizuia. "Ramani ina sahihi yangu," alisema. "Siku moja utaisoma mbele ya watu."

Leo ndiyo siku hiyo. Ninayo mkononi picha ya gazeti la misheni, Silvano amesimama kando ya ramani anatabasamu. Punje ziko juu ya vilima. Nyuzi zinashuka. Sasa wewe Mwalimu Silvano, unayekaa benchi la mbele, umezaliwa bondeni, kando ya mto Lukuledi. Kwenu mtu akifungua mlango anakanyaga maji. Nani alikufundisha kumpandisha mtu kilimani na kumshusha mama yake na mtungi? Kosa lile angelifanya mtoto wa Newala tu. Ulimwibia mjomba wangu mpaka kosa lake.

Marehemu alianza kukohoa Novemba mwaka jana. Wauguzi walimhudumia kwa upendo na tunawashukuru. Alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti 1958, saa nne asubuhi, Ethel akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Neno la mwisho aliloniambia kuhusu Silvano na ramani ile ni hili: "Sitaki jina lake lifutwe. Nataka alifute mwenyewe."

Ameacha mjane, Ethel, watoto wawili, Cyril na Mabel, dada yake Emilia, wapwa watano, na ramani moja iliyoko Newala, ukutani mwa ofisi, yenye jina la mtu mwingine.

Wanaume wa ukoo sasa watapokezana beleshi. Mjomba, lala kwa amani, kazi uliyonipa nimeifanya. Mwalimu Silvano, naona umeshasimama na kukunja mikono ya shati. Kaa chini. Udongo wa Basil umeshaushika mara moja, inatosha.