Mama Modemu na Siku Mtaa Ulipofurika

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Modemu anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuunganisha watu, na baadaye vitu. Nimeombwa nimwandikie kwa sababu nimemchimbia mitaro ya nyaya tangu mwanzo. Wenye kalamu nzuri humu ofisini wameajiriwa juzi tu.

Alianza na kompyuta moja nyuma ya duka la kinyozi. Laini ya simu ilikuwa ya kinyozi, na kila akiinua mkono wa simu, intaneti inakatika. Wakapatana awe anagonga ukuta kwanza. Ukuta ukigongwa, wateja waliandika barua pepe kama watu wanaofukuzwa. Mjomba mmoja alituma posa iliyokatika katikati. Alikubaliwa kwa nusu hiyohiyo.

Baadaye Mama akaingia kwenye pampu za maji zinazowashwa kwa simu ya mkononi. Hizo nusura zitutoe mjini. Kampuni ilikuwa hoi, na tumaini letu lilikuwa mwenye nyumba za wageni, aliyetaka pampu kwa majengo yake yote, ila kwanza aione moja ikifanya kazi. Akikataa, sisi tunafunga virago. Kwa haraka zake, Mama alikuwa ameweka namba ileile ya siri kwenye kila pampu tuliyofunga mtaani. Mteja akaibonyeza kwenye simu yake. Tangi lake likajaa, na ya mtaa mzima yakajaa, yakafurika. Shemeji yake Mama, aliyeanika godoro chini ya tangi lake, alipiga simu akasema maneno yasiyochapishika.

Mama hakututupia lawama. Alimwambia mteja palepale kwamba kosa ni lake, sisi tulifunga tulivyoambiwa. Akavua viatu, akaingia nyumba kwa nyumba na ndoo na tambara, sisi nyuma yake. Mteja alitufuata akitazama, mpaka akaona haya kusimama bure, akaomba tambara. Wakiwa wamepiga magoti sebuleni kwa shemeji, wanakamua, mteja akasema afungiwe zote, ila kila pampu iwe na namba yake.

Hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kwao mikono mitupu. Shemeji naye atakuja kwenye sherehe ya kumuaga Mama. Ameomba kiti cha mbali na bomba.

Mama, asante kwa kutubakiza kazini. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema na sakafu kavu.