Watu Kumi wa Kubaki

Mwaka wa tisini na tano, kiwanda kidogo cha tumbaku njia ya Mshangano kilipata mwenye mali mpya, na benchi letu la kahawa likapata maneno mapya: soko, ushindani, kupunguza. Ijumaa hiyo orodha ya wafanyakazi wanaobaki ilikuwa ibandikwe getini saa kumi. Mzee Fulgence, tuliyemwita Vidole kwa sababu alipanga madaraja ya tumbaku kwa kupapasa jani tu, alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini.

— Tatizo liko nje, akasema Redio, mjua habari zote. Ulaya wameacha sigara. Daktari kawakataza.

— Ulaya wapi! akadakia Soko Huria, muuza mitumba. Wanunuzi binafsi wanaingia wenyewe Namtumbo, wanabeba tumbaku shambani. Kiwandani mtapanga nini, mabua?

— Basi wangepunguza mameneja, akasema Redio. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni methali ya kuweka akiba, bwana, siyo ya kufukuza watu!

— Inafaa tu. Halafu kuna mashine inakuja. Ina pua.

— Pua?

— Ya umeme. Inanusa jani, inataja daraja. Haizeeki, haiumwi, haifiwi ikaomba ruhusa.

Hakucheka mtu. Mwezi wa tano Vidole alimzika mkewe Madaba, akakosekana kazini siku tisa.

— Mimi wananihitaji, Vidole akasema taratibu. Meneja mwenyewe alinipa karatasi. “Mzee, niandikie watu kumi ambao bila wao idara yako haiendi.” Nikawaandika vijana wangu hodari, na wale kina mama wawili wajane.

— Si ndiyo hayo! Soko Huria akampiga begani. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kunywa kahawa, mzee.

Ndipo akaja Dorine, mpiga chapa wa ofisini, macho mekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, orodha nimeichapa mimi. Nimenakili karatasi yako ilivyo, nimeisoma mara tatu. Wewe ulijiandika namba ngapi?

Vidole akaweka kikombe chini.

— Mtu mzima anajiandikaje mwenyewe, mwanangu?

Dorine akaketi kando ya mzee, kwenye benchi ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulikalia.