Mbuzi wa Marehemu

Gari la abiria lilipotoka kituo cha Jebel, Annet alizima redio ya simu yake, maana waliokaa mbele yake walikuwa watamu kuliko redio.

Lodu, tai shingoni na tasnifu mapajani, alikuwa anakwenda kuitetea tasnifu hiyo ya shahada ya uzamili ya falsafa, na furaha ilimfanya ammwagie yote mama wa Kisomali aliyeketi naye, Mama Intisar. "Mama, mimi iko na kurasa mia na ishirini. Zote zinasema ahadi inakufa na yule uliyemwahidi. Maiti huwezi kumkosea."

"Wallahi?" Mama Intisar akamgeukia mzima mzima. "Jirani yangu akikata roho nilimwahidi kwamba mbuzi wake sitamchinja kamwe. Huyo mbuzi amekula shela zangu tatu, na jana akala pazia. Sasa nimchinje?"

"Chinja tu!" akasema Lodu kwa madaha.

"Basi niandikie hapa, utie sahihi." Akampa kalamu na kipande cha karatasi.

Lodu akaishika kalamu. Akaisogeza karatasini, akairudisha nyuma. Gari zima likalipuka kwa kelele, hawa "Tia!", wale "Usitie!", na Annet, asiyemjua mbuzi wala marehemu, akajikuta anapiga makofi.

"Chuo kikuu!" kondakta akagonga bodi, gari likasimama.

Lodu, ameshachelewa, akaruka chini na kukimbilia lango. Huko ndiko alikoiona kalamu mkononi mwake. "Mama, nitakurudishia! Naahidi!"

Mama Intisar akatoa kichwa dirishani.

"Hata nikifa?"