Profesa Nélida na Maji ya Jumapili

Wasikilizaji wapendwa, naomba vyombo vya jikoni vitulie kidogo. Leo tunamkumbuka Profesa Nélida Scarpello, mwanauchumi, binti wa mfereji wetu hapa Mendoza. Alifariki Jumamosi iliyopita akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Alifundisha chuo kikuu miaka arobaini. Narudia: miaka arobaini, na hakuchelewa darasani hata siku moja.

Taaluma yake ilikuwa nadharia ya michezo. Elimu hiyo huchunguza jinsi watu wanavyoamua pale ambapo faida ya mmoja inategemea uamuzi wa mwenzake. Baba yake, mkulima wa zabibu, alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo hesabu yako inamjua mtu mwongo?"

Akajibu, "Baba, inaanza na huyo."

Kisha ukaja ule mwaka wa ukame. Kila mkulima alimwambia mlinzi wa maji kwamba mizabibu yake inakufa. Wote walitia chumvi, kwa hiyo mlinzi akampunguzia kila mtu nusu. Wakaongeza chumvi. Kaka yake, Rinaldo, alikuwa na mizabibu michanga ya miaka mitatu. Bila maji mwezi ule, ingekauka yote. Akamwita dada yake kutoka Buenos Aires.

Profesa alileta kanuni nyepesi: majirani wawili wanaoshiriki zamu, mmoja agawe, mwingine achague kwanza. Hapo uongo hauna kazi. Mkutano wa mfereji ukakubali kuijaribu. Akagawa kwa niaba ya kaka yake, kwa mkono wake mwenyewe: muda wa saa tano Jumanne, na muda wa saa tano Jumapili. Sawa kwa sawa. Jirani wa zamu, Don Anselmo Quiroga, aliidaka Jumanne kabla profesa hajafunga kalamu.

Sheria yetu mnaijua. Mtu asiposimama kwenye lango la mfereji wakati wa zamu yake, mlinzi hufunga maji. Na Jumapili adhuhuri, mnajua kila mtu yuko wapi: kwenye nyama choma ya ukoo. Jumapili ya kwanza, lango lilifungwa. Jumapili ya pili, likafungwa. Ya tatu, profesa alimkuta kaka yake mbele ya makaa, koleo mkononi.

"Rinaldo, inuka! Maji yanapita!"

"Yapite. Mbavu hazisubiri mtu."

"Na mizabibu je?"

"Nikiuacha moto huu, watu kumi na wawili watakula nini? Nadharia?"

Profesa akachukua beleshi, akaenda kusimama langoni mwenyewe, na viatu vyake vya chuoni. Baada ya saa moja, harufu ya nyama ya Don Anselmo ilivuka mfereji. Mlinzi alipopita, alikuta beleshi limesimama peke yake. Profesa alikuwa mezani kwa Don Anselmo.

"Ongeza, profesa, ongeza! Sayansi inataka nguvu!"

Jioni ile majani ya mizabibu michanga yalikuwa yamejikunja. Kesho yake alisimama mbele ya mkutano. "Nimekosea," alisema. "Nilidhani saa ni saa, iwe Jumanne au Jumapili. Agawe mwenye shamba, si mimi."

Rinaldo hakusita: muda wa saa tatu Jumanne, muda wa saa saba Jumapili. Safari hii Don Anselmo alikuna kichwa.

"Umenitega, Rinaldo."

"Chagua, bwana, usitulaze hapa."

Akachagua Jumapili, akauhamishia moto wake langoni, ukoo mzima nyuma yake. Maji ya Jumanne yaliitosha mizabibu ya Rinaldo. Ingali inazaa hadi leo.

Makala ya profesa juu ya kosa hilo ilisomwa kuliko vitabu vyake vyote vitatu. Mhariri wa ng'ambo alimwuliza kama mbavu zinaweza kuondolewa kwenye hesabu. Alikataa katakata.

Kaburini, Mzee Rinaldo alisema: "Msiseme hakuwahi kukosea. Alikosea, akakiri mbele ya majirani. Maprofesa wangapi wamewahi?"

Tunampa pole Mzee Rinaldo na ukoo wote wa Scarpello. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mnapogawana kitu na ndugu, muulizeni kwanza kina uzito gani mikononi mwake. Na mtafakari hili pia: Profesa Nélida alizikwa Jumapili, adhuhuri. Mfereji mzima, hakuna moto uliowashwa.