Washairi Wakubwa Waliozaliwa Vulamba

Bwana Chef wa quartier, Bwana Directeur, Padri na Mchungaji ambao leo mumeketi benchi moja bila kusukumana, walimu, wazazi, na ninyi wanafunzi muliosimama kule nyuma juu viti vimeisha. Na zaidi ya wote wewe, Madame Godelive Kahongya, mwenye sherehe yake: nawasalimu kwa furaha nyingi.

Mimi ni Mariette Kanyere. Wengi wenu munanijua kwa maharagi na viazi ninavyoleta kutoka Lubero. Niliahidi kusema Kiswahili cha kitabu mpaka mwisho, mais kikiniishia katikati, munisamehe, nitaendelea na kile cha soko.

Leo Madame anapumzika baada ya miaka thelathini na nne ya chaki. Wengine wamesifu bidii yake. Mimi nimekuja kumushitaki mbele yenu, kwa sababu alitudanganya.

Munajua kwetu Wanande jina la mtoto linafuata zamu yake ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Basi, tulipokuwa mwaka wa tano, Madame alituletea washairi wakubwa wa historia, watu wa nchi za mbali, waliokufa karne nyingi mbele yetu. Beti zao alikuwa amezitafsiri mwenyewe kwa Kinande. Lakini yale majina! Tulicheka mpaka tukakataa kuyashika. Hakukasirika. Alisema: "Bon. Hawa ni batoto ba mama moja. Ule wa zamani kabisa ni Paluku. Mwenye anamufuata ni Kambale. Ule balifukuza kwabo ni Kasereka. Jina ya kweli mutaandika ku examen, mais ku nyumba mubaite sawa bandugu yenu."

Na sheria yake ilikuwa moja tu: usiguse fufu kama bado haujatoa beti moja mbele ya watu wa nyumbani. Munafikiri nani alizishika kwanza, ni mimi? Wapi! Ni mama yangu, aliyekuwa anachagua maharagi hapo kando. "Kanyere, umeruka fasi moja. Kambale hakusema vile." Mama yangu, asiyejua kusoma hata jina lake, anamutetea Kambale!

Siku moja akafika inspecteur. Akauliza: "Nani mushairi mukubwa kupita bote?" Darasa zima likapiga kelele: "Paluku!" Inspecteur akafungua cahier yake. "Paluku gani? Wa wapi?" Ndipo akainuka Syauswa, ambaye leo ni Bwana Chef wetu (usiinamishe kichwa, Bwana Chef), akajibu kwa heshima zote: "Wa hapa Vulamba, Bwana Inspecteur. Mudogo wake Kambale, tunasalaka naye kanisa moja."

Madame aligombezwa siku ile. Lakini je, Syauswa alikosea kabisa? Wale wakubwa waliomufukuza Kasereka kwao, nani kati yetu anajua majina yao? Hakuna, na hatuyatafuti. Yeye maneno yake yaliingia jikoni kwetu, yakakaa.

Miaka minne iliyopita mama yangu alifariki. Kwenye matanga walinipa neno, nikasimama. Mimi, Kanyere, muliyezoea kelele zangu, sikuwa na kitu cha kusema. Kikaja kipande cha Kasereka, kile cha mutu aliye mbali na nyumba yake. Nikakianza, na wamama waliokaa kwenye mikeka wakanimalizia, juu nao walikisikia kwa watoto wao. Nililia sana, na nikapata nguvu ya kumuzika mama. Tangu siku ile mutu akiniuliza nani mushairi mukubwa, namujibu: ni yule anayekufikia siku hauna maneno yako mwenyewe.

Sasa, Bwana Directeur Lusenge, unapenda viazi vyangu, kwa hiyo nitasema polepole. Tunasikia kwamba Madame akienda, saa yake ya mashairi ya siku ya tano inaenda naye, na informatique, somo la kompyuta, itachukua nafasi. Informatique ni nzuri. Mimi natumia simu kujua kama camion imetoka Lubero. Lakini kwenye matanga ya mama, simu ingeniambia nini?

Sitaki uamue kwa kelele zangu. Naomba kila mutu aliyetoa beti mbele ya fufu, ao aliyeisikiliza chakula kikipoa, asimame.

Aa! Wamama wa soko. Mwalimu Eliezer. Padri, hata wewe? Bwana Chef, nyoosha mugongo.

Bwana Directeur, umebaki kwenye kiti. Tunaelewa, wewe ulisomea Kamango. Lakini tazama kando yako, nani huyo amesimama? Si binti yako Shalom, wa mwaka wa tano? Shalom, jana ulitoa beti nyumbani? Ya nani? Ya Paluku! Na baba alikuwa mezani? Basi, Bwana Directeur, ulisikiliza. Simama.

Asante. Munaona, amesimama, tena anacheka. Nachukua hiyo kuwa jibu, na watu wote hawa ni mashahidi.

Madame Godelive, hapana, wewe usisimame. Angalia chumba hiki: umebaki peke yako kwenye kiti. Kaa, mama. Ni zamu yetu.

Kwa masikio yenu muliyonipa, aksanti sana.