Goti Lisilouma

Gari la moshi lilipotoka Sagana, Murugi alifumba macho. Alikuwa nesi, tena likizoni, na hakutaka kusikia ugonjwa wa mtu. Lakini mbele yake Theuri, mchezaji wa timu ya kiwanda cha kahawa, alikuwa akimsimulia mama mwenye kiondo habari za goti lake.

"Niligeuka na mpira, nikasikia kitu imekatika ndani. Jioni goti ilikuwa imefura kama boga. Lakini picha ya eksirei ilisema mfupa ni mzima, na sasa haiumi. Jumamosi nacheza."

"Hiyo ni mshipa iliruka," mama akasema. "Kuna mzee huko Kutus, anavuta mara moja tu."

Hapo likizo ya Murugi ikaisha. "Hiyo picha haionyeshi kano, ile kamba inayoshika mifupa ya goti, na kano ikikatika hairudi kwa kuvutwa. Kuna daktari alikunja goti, akavuta muundi, huu mfupa wa chini ya goti, mbele, akalinganisha na ule mguu mwingine?"

"Hapana, sista."

"Ukishuka mteremko wa shambani je?"

Theuri akashika goti. "Nashuka kinyumenyume. Nikishuka kawaida, goti inaniacha."

"Hiyo ni dalili ya kano kukatika. Paja lifanyiwe mazoezi miezi kadhaa. Goti likikataa, ni kupasuliwa. Ama Jumamosi utacheza kinyumenyume?"

Mama akacheka. Theuri hakucheka. "Lakini haiumi," akasema.

Gari likasimama Karatina. Abiria walishuka wakitazama mbele. Theuri alifika mlangoni na viatu vyake vya kuchezea mpira begani, akawageuzia watu wa nje mgongo, akashika chuma cha mlango kwa mikono miwili, kisha akashuka polepole, macho yake yakimtazama Murugi.